Mzee Waya, Fundi Aliyehesabu Magurudumu

Marehemu baba yetu, fundi wa ndege za mizigo za jeshi, ambaye kikosini wote walimwita Mzee Waya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alisoma shule ya msingi, kisha shule ya ufundi, alikosimamishwa masomo wiki mbili kwa kuifungua saa ya ukutani ya mkuu wa shule.

Alijiunga na jeshi mwaka 1971. Alizipenda ndege za zamani, zilizoongozwa kwa waya. "Waya ukikatika unauona," alisema. "Kompyuta inakosea kwa adabu."

Mwaka 1975 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi. Mashine yao ya kufulia ilikuwa na vitufe saba, aling'oa sita. "Bwana wewe, ipo siku utaning'oa na mimi," mama alimwambia, akaendelea kufua kwa kile kimoja.

Ndege za kompyuta zililetwa mwaka 2003. Binti yake wa kwanza, anayesoma wasifu huu, alikuwa rubani wa mojawapo, na mezani walibishana hadi chakula kikapoa. Tarehe 9 Septemba 2004, saa tisa alasiri, binti huyo alikuwa akitua na askari thelathini na wanane. Marehemu alisimama kando ya uwanja na darubini akihesabu magurudumu, kama alivyofanya kwa kila ndege. Akanyakua redio.

"Paa tena. Naona mawili tu."

"Baba, kioo cha kompyuta kinaonyesha yote matatu yameshuka."

"Mwanangu, mimi nakuona. Kioo hakikuoni."

Binti alikuwa na mafuta ya dakika kumi na moja, na hasira ya kuaibishwa mbele ya kikosi kizima. Alipaa shingo upande. Msaidizi wake alianza kulishusha gurudumu la tatu kwa mkono, akizungusha mpini na kuhesabu mizunguko kwa sauti. Liligoma mara mbili, kisha likashuka. Walitua yakiwa yamebaki mafuta ya dakika mbili.

Watu walimbeba marehemu juu juu. Aliposhushwa aliingia chini ya ndege, akatoka na grisi nyeusi vidoleni. Siku mbili kabla alikuwa amekipaka grisi kiungo cha gurudumu lile, kwa mazoea ya ndege za zamani, ingawa kitabu cha ndege mpya kilikataza. Grisi ilishika vumbi la chuma, ikalikwamisha gurudumu na kuidanganya kompyuta. Hakuna mwingine aliyejua. Aliandika ripoti mwenyewe: "Kosa ni langu." Alishushwa cheo, akastaafu mwaka 2006.

Kila mwaka alimwomba binti yake msamaha. Binti alijibu, "Achana nayo, baba," akabadilisha mazungumzo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Wiki moja kabla ya kufariki alimwambia binti yake kuhusu mazishi, "Usipowasomea habari ya grisi, usisome chochote." Kisha akauliza kama amesamehewa. Muuguzi wa zamu wa hospitali aliingia kubadilisha dripu, na binti akatoka bila kujibu. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Baba, nilikusamehe siku ileile. Kiburi tu kilinifunga mdomo, na leo kinaniuma. Mungu akupe usingizi mwema.