Mama Ndani, Aliyetufundisha Kujikinga na Vumbi la Mionzi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ndani, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa nne wa dereva wa treni. Baba yake alimpenda kupita wenzake, na dada zake hawajalisahau hilo mpaka leo.

Alisoma hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1976. Mumewe, fundi viatu, aliishia darasa la saba. Walikutana marehemu alipopeleka kiatu kilichong'oka kisigino. Wakati akisubiri alisoma gazeti bila kusogeza midomo, na fundi akalionea wivu hata lile gazeti. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981.

Aliajiriwa kwenye mitambo ya maji mwaka 1979. Baadaye alipelekwa kozi ya wiki sita, akarudi na kazi ya kuwafundisha wakazi la kufanya iwapo kinu cha nyuklia kilicho ng'ambo ya ziwa kitapata ajali. Mafundisho yake mnayajua. Ingia ndani, kaa ndani, funga madirisha, sikiliza redio. Aliyekuwa nje avue nguo za juu, azifunge kwenye mfuko, aoge kwa sabuni. Na mtu asitoke kumfuata mwenzake. Kila Jumamosi ninyi mlimpata mchana kutwa, na mumewe alimpata amekauka sauti.

Tarehe 14 Mei 1996, saa nne asubuhi, king'ora kililia. Marehemu alipiga simu nyumbani kutoka stoo ya chini ya mitambo.

"Uko na nani?" mumewe aliuliza.

"Na Bwana Funguo." Huyo ni mtunza stoo.

"Na nani mwingine?"

"Na pampu tatu. Baba watoto, kaeni chumba cha kati. Usinifuate."

Mumewe alivumilia mpaka saa nane. Kisha akawaacha mabinti wawili na bibi yao, akatoka. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, alimwambia, "Baba, ukirudi na vumbi hatufungui."

Mtaani hapakuwa na mtu. Alipogonga mlango wa stoo, marehemu aliuliza jambo moja tu, "Watoto wako na nani?" Kisha akasema, "Vua." Alivua ukumbini, akapewa ndoo na sabuni. Alipoingia alimkuta Bwana Funguo amevaa sweta la kijani ambalo mume huyu alikuwa amemnunulia marehemu. Bwana Funguo alikuwa nje king'ora kilipolia, nguo zake zilikuwa zimefungiwa kwenye mfuko.

"Na mimi nivae nini?"

"Ungebaki nyumbani ungekuwa na nguo," marehemu alijibu, akampa gunia.

Walikaa humo watatu mpaka kesho yake redio iliporuhusu. Upepo ulikuwa umelipeleka vumbi kwingine, na vipimo havikuonyesha kitu. Marehemu hakusema na mumewe wiki nzima. Wivu alishauzoea, lakini kuwaacha watoto kulimuumiza. Tangu hapo alisimulia kisa hicho katika kila darasa, mkacheka, na mumewe, aliyekaa nyuma kabisa, hakupenda mlivyocheka na mkewe.

Mwezi Januari 2021 alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu, kwenye wodi isiyoruhusu wageni. Alimwagiza mumewe abaki na wajukuu. Siku kumi na mbili mumewe alibaki, kofia ikiwa mkononi. Marehemu alifariki tarehe 9 Februari, saa tatu asubuhi, muuguzi akiwa amemshika mkono. Muuguzi alisema swali lake la mwisho lilikuwa kama mumewe yuko nyumbani, naye akamjibu kwamba yupo. Mumewe anamshukuru muuguzi huyo, na anamwonea wivu.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na watu wengi wanaosema alikuwa mtu wao. Alikuwa wa mumewe kwanza.

Mungu ampe pumziko na amani.