Msiegemee Ukuta wa Ntate Molupe

Kaeni jamani, kaeni chini mnisikilize, wenye mablanketi wayakunje wayakalie, na nyie akina abuti, kaka zangu, mliosimama kule nyuma, nawaomba kwa heshima zote msiegemee ukuta, plasta haijakauka, na mwenye plasta yake ndiye huyu tuliyemlaza hapa mbele yenu.

Mimi ni Katiso wa nyumba ya chini, yule mchunga kondoo. Kwa desturi historia ya marehemu husomwa na mtu wa ukoo, na kweli kazi hii alipewa abuti Tankiso, mtoto wa mdogo wake marehemu, aliyetoka Welkom, lakini jana alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, akaniita akaniambia, "Mdogo wangu, mimi najua alizaliwa na najua kafa, hapo katikati unapajua wewe, soma wewe." Basi nasoma. Shule niliishia darasa la sita, nikikosea mnisamehe, nikipatia msipige makofi, huu ni msiba.

Marehemu Ntate Molupe Sekhobe alizaliwa tarehe 11 Agosti 1957, hapa hapa Ha Ramosoeu, milimani juu ya Semonkong, mtoto wa kwanza wa baba, Ntate Sekhobe, na mama, Mme Mamolupe, na mama yake alikuwa akisema siku ile theluji iliingia ndani mpaka kwenye mkeka, kwa hiyo tunaweza kusema ugomvi wa marehemu na upepo ulianza siku ileile, na hawakupatana mpaka wiki iliyopita.

Mwaka 1965 aliingia shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la nne mwaka 1969, akatolewa akachunge kondoo wa baba yake, kama wengi wetu hapa tunavyojuana. Mwaka 1977 alivuka mpaka akaenda migodi ya dhahabu upande wa Welkom, akakaa chini ya ardhi mpaka mwaka 1999, na tarehe 24 Septemba 1983, akiwa likizo, alifunga ndoa na Mme Malineo, binti wa ng'ambo ya mto, wakajaliwa mtoto mmoja tu, dada yetu, ausi Lineo, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1986, na yupo hapa, yule pale kwenye godoro, amekaa na binti yake Kananelo.

Sasa kuhusu kufuma, maana najua wengi mnataka kujua ilianzia wapi, mwanamume mzima na sindano. Mwaka 1998 kifua kilimlaza hospitali ya mgodi miezi mingi, na kitanda cha pili alilala mzee mmoja wa Inhambane, kule Msumbiji, ambaye alikuwa anafuma kofia kwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye sakafu, na wawili hao hawakuwa na lugha moja, basi yule mzee akampa tu spoku mbili na uzi, akamshika vidole. Soksi ya kwanza ya marehemu haikuwa na kisigino. Ya pili ilikuwa na viwili. Alizileta zote nyumbani, alizitunza, zipo kwenye msumari juu ya jiko, mkitoka mtaziona.

Aliporudi kabisa mwaka 1999, mgodi ukiwa umempunguza kazi, alikaa na Mme Malineo miaka minne tu, kisha Mme Malineo akatutoka tarehe 9 Mei 2003, na ausi Lineo mwaka 2005 akaenda kufanya kazi Bloemfontein, na hapo ndipo Ntate Molupe alipobaki yeye, jiko, mbwa, na lile paa.

Paa ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na mwenyewe alikuwa analisema. Alitoa nyasi za baba yake akaweka mabati, kwa sababu mgodini aliona wakubwa wote wanalala chini ya mabati, sasa bati na baridi ya huku mnajua wenyewe, ukilala unapumua, pumzi inapanda juu inagandana, asubuhi inakunyeshea. Kosa la pili ni dirisha. Mtu yeyote wa mlima huu anajenga mgongo wa nyumba kusini, maana theluji inatoka huko, yeye akaweka dirisha kusini, kubwa, wazee wakamwambia, "Molupe, unamkaribisha nani huko?" Akasema, "Barabara iko huko." Ndiyo barabara ya kumleta Lineo hiyo, hakuna nyingine.

Juni mwaka 2009 ausi Lineo alikuja, na Kananelo alikuwa mtoto wa mgongoni, wakalala usiku mmoja. Paa lilimdondoshea mtoto maji, mlango ulipiga mluzi mpaka asubuhi, mtoto akaamka anakohoa, na ausi Lineo, siyo kwa ubaya, mama gani angesema tofauti, alisema, "Ntate, hii siyo nyumba, ni friji yenye mlango. Mtoto simleti tena mpaka umalize kuitengeneza. Ukimaliza niambie, nakuja siku hiyohiyo." Marehemu akamwambia, "Bado kidogo tu mwanangu."

Na kila Jumapili baada ya hapo alipanda kile kilima chenye mtandao, amejifunga blanketi, simu iko ndani ya soksi aliyoifuma mwenyewe, ausi Lineo anauliza, "Ntate, nyumba imeisha?" na yeye anajibu, "Bado kidogo." Wachungaji tulikuwa tunasikia tukiwa kwenye majabali, tukamwita Ntate Bado Kidogo, akasikia, akacheka, akaendelea kuitwa hivyo mpaka leo.

Maana kweli ilikuwa bado kidogo, jamani, hilo ndilo lilikuwa tatizo. Akiziba huku kunafunguka kule. Alipojenga ule ukumbi mdogo wa mlangoni, wenye kona, ili upepo ukifika ujigonge urudi, ulibomoka mara mbili na baridi, akaujenga tena kwa mawe. Plasta alipaka mwenyewe kwa udongo na samadi, kazi ambayo kwetu ni ya akina mama, na akina mama walikuja kumtazama kama sherehe, Mme Mapuleng, jirani yake, akamwuliza mbele ya watu, "Ntate Molupe, unafuma, unapaka ukuta, sasa tukutafutie mume?" Akajibu bila kugeuka, "Nitafutieni, lakini awe anajua kupika, wa kwanza, yaani mimi, anaunguza." Mme Mapuleng alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akachukua udongo, akamwonyesha kuwa unakandwa na maji ya uvuguvugu, siyo ya mtoni, ndiyo maana ulikuwa unapasuka. Tangu siku hiyo ukuta ule haujapasuka.

Dari alilitengeneza kwa magunia na manyoya mabovu ya mbuzi, yale yanayotupwa kwenye banda la kunyolea, alishona gunia kwa gunia, na baridi ya kwanza ilipokuja alilala chali kitandani, mdomo wazi, akingoja tone. Halikuja. Hakuwa na wa kumwambia, akashuka mpaka zizini kwetu na ndara miguuni, barafu imetanda, mimi nahesabu kondoo, akasimama pale, akasema, "Katiso, halidondoki." Nikamwambia, "Hongera, Ntate." Akasimama kidogo tena, akarudi.

Kofia yangu ya kwanza alinifumia yeye, ilikuwa kubwa, wenzangu waliniuliza, "Hiyo kofia au hema?" lakini theluji kubwa ilipotukuta malishoni tulilala ndani yake masikio matatu, mawili yangu na moja la mwana-kondoo, na sote tulishuka wazima. Mwaka uliofuata kila mchungaji wa kijiji hiki alikuwa na kofia ya Ntate Molupe, na wale wale waliokuwa wanamcheka ndio walikuwa wanamletea uzi.

Chumba cha mgeni, hiki hapa ambamo marehemu yumo, alikianza mwaka 2016. Duka la zamani la njia panda lilipofungwa alichukua milango yake miwili mikubwa, akaibeba kwa punda, akaiweka ifungukie nje, na kwenye pombe wanaume wakamwuliza, "Molupe, chumba cha mgeni au gereji?" Akasema, "Mgeni wangu ana mizigo." Akaifumia milango ile nyoka wa sufu wa kuziba chini, akafuma pazia zito la dirisha, akafuma shuka la juu la kitanda, akalifumua kwa sababu kitanzi kimoja kilidondoka katikati na hakuna aliyekiona isipokuwa yeye, akalifuma upya. Kila Ijumaa alitandika kile kitanda. Hakuna mtu aliyewahi kukilalia. Hata yeye.

Na ukutani mnaona ile misumari, na yale masweta. Hayo ni ya Kananelo. Kila mwaka alimfumia moja, kwa kukisia, kwa simu huwezi kupima mtoto, na hakutaka kuyatuma, alisema atayavaa hapa hapa, basi yamepangwa toka dogo la mgongoni mpaka kubwa, kama ngazi.

Kifua kilianza kumrudia mwaka jana, alitibiwa zahanati yetu, akapelekwa hospitali ya wilaya mwezi Machi, akarudi Aprili na chupa ya hewa, na mwezi Juni, daktari amemwambia akae, yeye akapanda kwenye kiti akapaka plasta ya mwisho ya chumba hiki, mimi nampandishia ndoo. Alipomaliza alichukua mshumaa akauwasha akaupitisha mlangoni, dirishani, kwenye pembe zote, na moto haukutikisika. Nilimwambia, "Ntate, sasa piga simu." Akaugusa ukuta kwa kidole, akakiangalia kidole. Akasema, "Bado kidogo. Ikikauka nampigia."

Na plasta kwenye baridi hii haikauki, mnajua.

Tarehe 3 Julai 2024, siku ya Jumatano, Mme Mapuleng aliona bomba la jiko halitoi moshi, akaniita, tukamkuta kwenye kiti, kwenye lile dirisha la kusini, sweta la mwaka huu liko mapajani, limebaki mkono mmoja.

Jana mlikuwepo, lakini kwa walioingia leo asubuhi niseme tu. Kwa desturi yetu marehemu lazima alale nyumbani kwake usiku wa mwisho, na jeneza lilipofika halikuweza kupita kwenye ile kona ya ukumbi, aliyoijenga upepo usipite, nalo likarudishwa kama upepo. Tulilisimamisha, tukalilaza ubavu, wapi. Abuti Tankiso akasema, "Zamani wazee walikuwa wanatoboa ukuta, leteni sururu." Mme Mapuleng akasimama kwenye kona akasema, "Tankiso mwanangu, ukuta huu mimi niliukanda kwa mikono hii. Piga, lakini uanze na mimi." Ndipo ausi Lineo akauliza, "Kwani ile milango mikubwa pale ni ya nini?" Tukaifungua yote miwili, na jeneza likaingia limenyooka, wabebaji wanne, hakuna aliyegusa kizingiti.

Kwa hiyo mgeni wa kwanza wa chumba cha mgeni alikuwa mwenyewe.

Tuliweka mshumaa kichwani pake, nje theluji inapiga, na ausi Lineo akakaa kwenye godoro na akina mama, akautazama ule moto, akautazama, akauliza, "Mbona hakuna upepo?" Na leo asubuhi nimemwona Kananelo amevaa lile la mkono mmoja, mkono ule umempita vidole, marehemu alimkisia mrefu zaidi, na wa pili uko wazi. Hakuna aliyemwambia avue.

Familia inawashukuru wauguzi wa zahanati, madaktari wa wilaya, wale waliofanya naye kazi mgodini waliokuja kwa farasi tangu juzi, akina mama waliopika papa, ugali wetu, na mboga usiku kucha, wachungaji waliochimba kaburi kwenye udongo ulioganda kama chuma, dereva aliyeleta jeneza kwa barabara hii, na Mme Mapuleng, ambaye ukuta wake bado umesimama.

Pumzika, Ntate Molupe, weka sindano chini, huko uendako hakuna paa la kudondoka.

Tukitoka makaburini tutanawa mikono, tutakula, na gari la kurudi Bloemfontein linaondoka saa tisa. Jana watu walikesha humu, kukesha siyo kulala, kile kitanda bado hakijalaliwa. Nimewasha jiko tangu alfajiri. Sindano ziko dirishani na uzi uliobaki, mkono wa pili mimi najua kuufuma, alinifundisha, ila lazima mwenye bega awepo. Na plasta haijakauka. Nawauliza nyie nyote mliokaa hapa, siyo ausi Lineo peke yake: mngekuwa yeye, mngepanda gari, au mngengoja ikauke?