Gari Lililoegeshwa Nje ya Mstari

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha wapenzi wa magari adimu ya mbio; ndugu wajumbe wa kamati; wanachama wenzangu, wakongwe kwa wapya; ndugu mafundi, ambao bila ninyi tungekuwa tunamiliki masanamu tu; wageni waalikwa; na wewe, binti wa rafiki yangu, mwalimu wa chekechea, uliyekataa kiti cha mbele ukakaa karibu na mlango kama alivyopenda marehemu baba yako: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mtaniwia radhi nikizungumza nimekaa. Daktari wangu, ambaye naye ana gari la milango miwili na anadhani sijui kwamba amelipaka rangi upya, ameniambia moyo huu umebakiwa na miezi, si miaka. Nilimuuliza kama amethamini kwa kutazama nje tu au amefungua boneti. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Mwenyekiti amenisifu katika hafla hii ya kuniaga. Amesema kwamba katika miaka thelathini na minane ya kuwa mthamini wa chama hiki, sahihi yangu haikuwahi kupingwa. Ni kweli. Lakini je, mtu asiyepingwa ndiye msema kweli?

Wengi wenu niliwafundisha kununua. Niliwaambia mkalione gari asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kwa sababu muuzaji mjanja huipasha moto kabla hamjafika. Niliwaambia mpitishe sumaku mbavuni, mjue palipojazwa puti badala ya bati. Na mwisho kabisa mlale chini, tochi mkononi, msome namba iliyogongwa kwenye injini. Gari likiwa na injini ileile liliyozaliwa nayo, ni halisi. Namba ikiwa ya kughushi, ni bandia. Halisi huegeshwa ndani ya ule mstari mweupe pale uani, kwenye sakafu iliyofagiwa. Mengine yote hukaa nje yake, kando ya ukuta. Mstari ule niliupaka mimi, kwa mkono huu huu.

Rafiki yangu wa tangu shule alikuwa fundi mwenye gereji ya mlango mmoja, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Tulimwita Spana. Siku moja alilikuta gari jekundu ghalani, limefunikwa magunia. Fupi kiasi kwamba ulilazimika kuliingia kama unayevaa suruali. Yalitengenezwa arobaini tu. Mimi nilikuwa nimelitafuta la aina hiyo kwa miaka kumi na tisa, nikaandika barua, nikapanda ndege kwenda kuona mabaki. Yeye alilipata kwa sababu mlinzi alitaka nafasi. Kwa jinsi lilivyowaka asubuhi, akaliita Kikohozi.

Alinijia mikono ikiwa bado na grisi. "Kaka, njoo ulitazame. Wewe ukisema ndilo, ndilo."

Nikalala chini, nikasoma tarakimu sita. Ya mwisho, saba, ilikuwa imekaa kombo, imepanda juu kuliko wenzake. Katika magari yale arobaini, namba ziligongwa kwa nyundo na mzee mmoja wa kiwandani, na saba yake ilipanda kila mara. Nilijua hivyo kutokana na barua ya mtunza kumbukumbu wa kiwanda kile, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Waghushi hugonga saba zilizonyooka. Kombo lile ndilo lililokuwa cheti chake cha kuzaliwa.

Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wivu, ndugu zangu, una harufu ya oili iliyokaa sana. Nikatoka, nikajikung'uta magoti, nikamwambia: "Pole, ndugu yangu. Namba imegongwa upya. Tazama saba ilivyopinda."

Akachungulia. "Ah! Kumbe wahuni hawakuwa hata na rula!"

"Niuzie mimi. Nitalitoa vipuri."

Akalipapasa boneti. "Hapana, kaka. Lingekuwa halisi ningeliogopa. Hili tutatembea nalo."

Nikaandika neno moja katika daftari la chama: bandia. Nikatia sahihi.

Kwa miaka ishirini na sita Spana aliegesha kando ya ukuta. Mlikuwa mkimtania: "Fundi, toroli lako leo limekohoa?" Naye anajibu: "Limekohoa, lakini limekuja kwa miguu yake. La kwako limeletwa juu ya lori, kama mgonjwa." Mlicheka, nami nikacheka nanyi. Kicheko hicho kinaniuma kuliko hata sahihi.

Na mnajua moyo wangu uliposimama mara ya kwanza nilipelekwa hospitali na nani? Magari yetu halisi yalikuwa chini ya maturubai, betri zimetolewa. Alikuja Spana na Kikohozi. Njia nzima anapiga kelele: "Shikilia, kaka! Leo bandia litakuonyesha!" Nililala kwenye kiti kile, naisikia injini ninayoijua kwa namba, na sikusema. Mwaka juzi nikabeba jeneza lake. Sikusema.

Mwezi uliopita binti yake alinijia. Kuna mnunuzi aliyetaka kuling'oa injini na kulitupa bodi. "Baba mkubwa," akaniuliza, "nimpe? Wewe ukisema ndilo, ndilo."

Maneno yaleyale. Nikamwambia asubiri. Alhamisi nikaenda darasani kwake, watoto walipokwisha kuondoka, nikakaa kwenye kiti kisichofika hata gotini, nikamweleza yote. Alikuwa anaokota kalamu za rangi. Akaendelea kuokota.

"Baba alifariki akiamini ni bandia?"

"Ndiyo."

"Uliwahi kumwona akilia kwa ajili hiyo?"

"Hapana."

"Basi usije kunililia mimi. Kawaambie waliomcheka."

Ndiyo maana nawaambia. Binti yangu, hukusema umenisamehe, nami sikuombi useme hapa mbele za watu. Ulichosema ni kwamba baada ya shughuli utanirudisha nyumbani, na ulipofika nilisikia Kikohozi chako kikiingia getini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hili hapa daftari. Nalikata lile neno. Naandika: halisi. Natia sahihi, ya mwisho. Saa ya ukutani mliyoniandalia kama zawadi ya kuniaga muiweke kwenye gereji ya mlango mmoja. Barua ya mtunza kumbukumbu namkabidhi binti, afanye atakavyo. Akitaka kuuza, auze kwa thamani yake kamili, na akitaka kubebea watoto wa chekechea, mmoja mmoja, hakuna kati yetu mwenye haki ya kukunja uso.

Nilimwomba aliingize gari ndani ya mstari, walau leo. Akanijibu: "Baba alipazoea pale. Ninyi ndio mtoke."

Nawashukuru kwa miaka yote, kwa heshima niliyokuwa nimeiazima kwa rafiki yangu, na kwa subira yenu ya kunisikiliza mpaka hapa. Asanteni sana. Sasa naomba mtu mmoja anishike mkono, na wengine mnifuate, tuvuke mstari.