Mwalimu Crispin na Ramani ya Nyuzi

Baba Paroko, viongozi wa kata, walimu wenzake na marehemu, wakwe zetu, majirani wa Heru Juu, nanyi mliotoka Kibondo mkipigwa vumbi njia nzima, poleni na safari na poleni na msiba, mimi naitwa Asnath, ndimi marehemu aliyeniachia ziwa, na ukoo umenituma nisome habari za maisha yake kwa sababu wanasema nina roho ngumu, haya, tutaona.

Marehemu Crispin Ildefonsi Ruhaza alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1951 hapa Heru Juu, wilaya ya Kasulu, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, akasoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia mwaka 1960, kisha sekondari mjini Tabora, kisha ualimu, na mwezi Januari 1974 akapangiwa kazi wilaya ya Kibondo kufundisha jiografia, kazi aliyoifanya hadi afya ilipomkatalia mwaka 1998. Waliosoma kwake wanajua kwamba alikuwa haruhusu mtoto aseme mto unaanzia mahali fulani kabla hajasimama kwa miguu yake na kuonyesha upande huo kwa mkono, na kwamba alikuwa mbishi, mbishi kweli kweli, jambo ambalo halikuanzia kazini, mimi nimelala naye chumba kimoja utotoni.

Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa takatifu hapa Kasulu na wifi yangu Immakulata Ininahazwe, na wakajaliwa watoto watatu, Fidele, Josephina na Marselino, ambao mnawaona hapa mbele. Wifi alizaliwa Burundi na alivuka mto Malagarasi mwaka 1972 akiwa msichana wa miaka kumi na minne, amemshika mkono mdogo wake Niyonkuru, wazazi wakiwa wamebaki nyuma na hawakuonekana tena, na walipofika upande huu homa ikamwangusha Immakulata, akalazwa zahanati, na alipopata fahamu akaambiwa kwamba mdogo wake alipakiwa kwenye lori pamoja na majirani zao, na majirani hao wamerudi kwao Burundi. Siku ya posa wazee walipomuuliza ana neno gani, hakutaja kitenge wala blanketi, alimtazama kaka yangu mbele ya watu wote akasema, "Ukinioa mimi umetuoa wawili, huyo mwingine tutamtafuta."

Kaka alikubali, na kuanzia hapo nyumba ile haikupumzika, kila mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo aliulizwa, kila padri aliyepita alipewa ujumbe, miaka ikaenda, jibu hakuna.

Mwishoni mwa mwaka 1993 watu walipoanza kumiminika Kibondo kutoka Burundi, na makambi yakajaa, kila mmoja alikuwa anamtafuta mtu wake, na redio nayo ilikuwa inasema hili asubuhi na sokoni linageuzwa kuwa lingine mchana. Ndipo marehemu, kwa msaada wa fundi seremala Tamimu, alipounganisha mbao mbili pana, akachora juu yake Burundi na nchi yetu hii ya juu, Kibondo na Kasulu, akapigilia msumari kwenye kila mlima alioweza kuujua, maana Mrundi ukimuuliza kwao hukutajia mlima, na kwenye kila kambi, akautundika ubao ule ukutani sokoni Kibondo. Aliyefika alifunga uzi kwenye mlima wa kwao na kuuvuta hadi kambi anakoishi, kila kambi na rangi yake, ili anayekuja baadaye aweke kidole kwao na aufuate uzi mpaka aliko ndugu yake, hata kama hajui kusoma, na pembeni ya misumari kulikuwa na vizibo vya soda, upande mmoja vimepakwa nyekundu, ambavyo yeye alivigeuza kila aliposikiliza habari, kulikochafuka nyekundu, kulikotulia nyeupe, na aliyetoka huko jana aliruhusiwa kumsahihisha mwalimu na redio yake. Tulimcheka jamani, mwalimu mzima anaokota vizibo baa, lakini kwa mbali ungeona makundi ya rangi yalivyohama, ukajua watu wa wapi wamekimbilia wapi bila kumuuliza mtu. Uzi wa kwanza kabisa aliufunga wifi mwenyewe, kutoka mlima wa kwao hadi Kibondo mjini.

Mwaka 1995 ubao ule ulitaka kumponza, baada ya baba mmoja, Leonidasi, kufuata uzi hadi kambi ya Mtendeli kumtafuta mkewe, asimkute, akarudi sokoni na hasira na kusema mbele ya umati kwamba mwalimu anacheza na vidonda vya watu. Wengi, na mimi nikiwamo, tulimshauri auwekee wavu, watu waangalie tu wasiguse, naye akakataa katakata, akisema asiyeugusa hatauamini, akakaa pale siku nyingi akiwatazama watu badala ya kuwaeleza, hadi alipomwona bibi mmoja anaupa ubao mgongo kila anapoulizwa kwao, ananyoosha mkono kule jua linakozama, kisha anageuka na kufunga uzi upande huo huo wa ubao, ambao kwenye mchoro ulikuwa upande wa Tabora. Kumbe kosa lilikuwa lake mwenyewe mwalimu wa jiografia, ukuta ulikuwa umeitazamisha Burundi upande wa Kahama, kunakochomoza jua, na watu waliokuja kwa miguu yao wanaijua nchi kwa jua na kwa mteremko, hawaijui kwa karatasi. Aliung'oa ukutani siku hiyo hiyo, akaulaza kwenye miguu minne kama meza, akauzungusha mpaka Burundi ya ubao ikaelekea Burundi yenyewe, watu wakawa wanauzunguka na kusimama pale walipopitia wakati wa kuja, nyuzi zikafunguliwa na kufungwa upya, na Leonidasi alimpata mkewe, na leo ni mmoja wa waliochimba kaburi hili, Mungu ambariki.

Wengi walionana kwa ubao ule, lakini kwenye mlima wa wifi uzi ulibaki mmoja tu, na kaka lilimuuma hilo, lilimuuma sana, asiwadanganye mtu.

Mwezi Machi 1998 marehemu alianza kusumbuliwa na ini, akatibiwa Kibondo, kisha hospitali ya Kabanga, ambako alilazwa mara ya mwisho tarehe 2 Novemba 1999, na Jumatano tarehe 17 Novemba, saa nne asubuhi, akafariki dunia mikononi mwa mkewe.

Kesho yake alasiri alifika hapa mama mmoja na kifurushi chake, akakuta kilio, akaanguka uwanjani akalia kuliko sisi, na kwa kuwa msibani mtu haulizwi amefiwa na nani, alipewa mkeka na chakula akakaa na akina mama. Jana asubuhi nilimpelekea uji, nikamuuliza ametoka wapi, akasema ametoka Ulyankulu, Tabora, ambako alikulia tangu lile lori lilipomshusha, kwamba wauza maharage walimwambia habari za ubao wa Kibondo, na kwamba alizunguka meza ile akaweka kiganja kwenye mlima wa kwao akakuta uzi, akaelekezwa huku kwa Immakulata, "na nimechelewa, dada yangu nimemkuta amekufa." Nilimshika mkono nikampeleka ndani kwa mjane.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari, wauguzi na masista wa Kabanga, majirani mliotuletea kuni, maji na unga bila kuombwa, walimu wote wa Kibondo, na hasa Mwalimu Rashid, ambaye tangu kaka augue hakuacha kuitoa meza ile nje kila siku ya soko, na ndiye aliyempakia Niyonkuru kwenye gari la kuja Kasulu. Baada ya mjane na watoto, udongo utatiwa na shemeji yake marehemu, ambaye kaka alimtafuta miaka ishirini na moja na hakuwahi kumwona.

Crispin, kaka yangu, mgeni wako amefika, sasa pumzika kwa amani.