Ubao wa Kassian

Waombolezaji wenzetu, kabla ya kusoma tarehe za maisha yake, familia inaomba kutaja jambo ambalo mama yetu Roswitha Gstrein alilitafuta kwa miaka thelathini asilipate, nalo ni kwa nini, kati ya mbao zaidi ya mia mbili za kuteleza thelujini walizozigundisha yeye na mumewe kwa utomvu wa msonobari, ni mmoja tu ambao haukubanduka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa kijijini Umhausen, akasoma shule ya kijijini hadi mwaka 1963, kisha akajifunza useremala mjini Imst, akiwa msichana pekee katika karakana nzima, na tarehe 12 Juni 1971 akafunga ndoa na seremala mwenzake, Kassian, wakajaliwa watoto wawili, Notburga mwaka 1973 na Alban mwaka 1976.

Mwaka 1986 walianza kutengeneza mbao za kuteleza bandani mwao, na mwaka 1991, Kassian alipozidiwa na kikohozi kwa mvuke wa gundi ya dukani, na mabaki ya gundi hiyo yakawa hayafai kuchomwa wala hayaozi, wakageukia miti ya bonde hili, kitambaa cha kitani badala ya nyuzi za kioo, na gundi ya utomvu waliyoichemsha wenyewe, hata shemeji yao Vinzenz akawa anachungulia dirishani na kuuliza, "Shemeji, leo ni supu au ubao?" naye Roswitha akimjibu, "Ingia uonje, mdomo ugande tupumzike."

Mbao hizo zilibanduka kingo zilipofika msimu wa tatu, isipokuwa ubao ule wa tarehe 21 Januari 1994, ambao gundi yake Kassian aliikadiria kwa macho bila kuandika vipimo, na ambao, kwa desturi ya karakana yao, aliuandikia maneno kwa penseli kwenye mti wa ndani, upande wa mkia, yaani ncha ya nyuma, kisha akaufunika kwa kitani na gundi, na siku kumi na mbili baadaye poromoko la theluji likamchukua. Roswitha hakuwahi kuyaona maneno hayo.

Tangu hapo, kila theluji ya kwanza aliteremka nao mlimani, akaupangusa, akarudi kuchemsha sufuria nyingine, na watafiti wa chuo walipoomba kukata kipande wakipime, aliwaambia, "Kateni kwanza mkono wangu."

Alianza kuugua moyo Oktoba 2021, akafariki tarehe 6 Januari 2024, saa nne asubuhi, siku tatu baada ya kuwaambia wanawe, "Mimi nakwenda kumuuliza mwenyewe, nyinyi tafuteni kwa msumeno, ila mkia mniachie."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupasulia kuni, na mafundi wenzake wote.

Tuliamua kumtii, na jana asubuhi Notburga, kwa msumeno wa baba yake, aliukata ubao ule katikati, nusu ya mbele akawakabidhi watafiti, na nusu ya mkia, bila kuifungua, akailaza jenezani chini ya mikono ya mama yake.

Pumzika, mama, usome taratibu.