Avis Kopp, Aliyebaki na Nusu ya Nyumba

Marehemu Avis Muriel Kopp, mtoto wa kwanza wa Hedley na Ida Trembath, alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 mjini Gympie, Queensland, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda hospitali. Nyumba hiyo baba yake, aliyekuwa mpasua mbao, aliijenga mwenyewe juu ya nguzo ndefu, hata mtu mzima alipita chini yake bila kuinama. Huko chini ndiko walikofulia, walikoanika nguo siku za mvua, na walikojificha watoto waliovunja vitu. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, Lindsay, ambaye yuko nasi hapa leo.

Kabla ya kuendelea, familia inaomba ieleweke kwamba wasifu huu aliusimamia marehemu mwenyewe. Mwezi Mei mwaka huu, binti yake Thora, ambaye ndiye anayeusoma, alimuuliza angependa aelezwe vipi siku ya maziko. Avis alimjibu, "Sema kweli. Ukinisifia sana watu watadhani mmekosea jeneza." Kisha akaongeza, "Na habari ya nyumba usiifiche. Kila mtu hapa mjini anaijua. Ukiificha wataisimulia wao, na wataikosea."

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao hadi Desemba 1951. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza. Alitamani sana kuendelea na masomo, lakini mama yake alimtoa shule amsaidie kazi za nyumbani, akasema nafasi hiyo itunziwe Lindsay, kwa kuwa mvulana ndiye atakayelisha watu baadaye.

"Na mimi nitakula nini, Mama? Hewa?" Avis aliuliza.

Alipigwa kofi, na kofi hilo alilikumbuka mpaka uzeeni. Lindsay alikaa sekondari mwaka mmoja, akachoka, akaenda kujifunza useremala.

Mwaka 1953 Avis aliajiriwa katika kiwanda cha siagi, na kuanzia 1962 alikuwa mpishi wa hospitali hadi alipostaafu mwaka 1998. Wagonjwa walimpenda kwa supu yake. Wapishi wenzake walimwogopa kwa mdomo wake. Daktari mmoja aliyewahi kulalamika kwamba viazi havina chumvi aliambiwa mbele ya wauguzi kwamba naye dawa zake hazina faida, lakini wagonjwa wanazimeza kwa adabu.

Tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa na Vernon Kopp, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole aliyekuwa akisema "sawa, mama" kabla hata hajaambiwa jambo. Kwa kuwa mzee Hedley alikuwa ameshafariki, wawili hao waliishi na Bibi Ida katika nyumba ya zamani. Walijaliwa watoto wawili, Thora na Garth.

Ilikuwa nyumba nzuri na yenye visa. Mlango wa jikoni ulifunguka wenyewe upepo ukitoka kusini. Chatu aliwahi kulala juu ya friji usiku kucha, na asubuhi Vernon akasema tu, "Avis, tuna mgeni, na hakuleta kitu." Lakini kisa kinachokumbukwa na wengi ni cha mwaka 1979. Mchwa walikuwa wamekula sakafu ya bafuni, na Lindsay, fundi wa familia, aliahidi kuibadilisha. Alikuja, akapigilia mbao, akanywa chai, akaenda zake. Jumamosi moja ya Oktoba, Vernon akiwa ndani ya beseni la chuma la kuogea, amejipaka sabuni mpaka masikioni, sakafu iliachia. Beseni, maji na Vernon vilishuka chini ya nyumba, mbele ya Bibi Ida aliyekuwa akianika mashuka.

"Vernon!" Bibi Ida alipiga kelele. "Huoni aibu?"

Majirani walicheka mwezi mzima. Avis hakucheka. Nyonga ya Vernon ilivunjika, na hakutembea tena bila kuchechemea. Avis alipozikagua zile mbao aliona ni za zamani, zimepakwa rangi juu. Mbao mpya zilizonunuliwa kwa kazi hiyo alizikuta ukutani mwa banda la Lindsay. Lindsay alisema aliziazima na alikuwa na nia ya kuzirudisha. Mama yao alisema yaishe. Kwa Avis hayakuisha.

Bibi Ida alifariki Agosti 1984, akaacha neno kwamba nyumba ni ya watoto wake wawili, nusu kwa nusu. Ni haki kusema kwamba Lindsay wakati huo alikuwa akiishi na mkewe Coral na watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga, na kwamba kwa miaka miwili alimwomba dada yake wauze, au wapangishe, au ahamie naye humo. Avis alikataa yote matatu. Yeye ndiye aliyemwogesha mama yao na kumlisha mpaka mwisho, na aliona nyumba haiwezi kugawiwa mtu aliyekuwa akija kunywa chai Jumapili.

Mwezi Novemba 1986 Avis alimpeleka Vernon Brisbane akafanyiwe upasuaji wa nyonga. Waliporudi kwa teksi, Vernon akiwa na magongo, jirani yao Bi Quade aliwakimbilia barabarani.

"Avis, usishuke kwanza. Kaa humo humo garini, mwenzangu."

Avis alishuka. Nyumba ilikuwa imekatwa katikati kwa msumeno wa petroli, kuanzia paa hadi sakafu. Upande wa mashariki, wenye sebule na chumba cha mama yao, ulikuwa umefungwa kwa minyororo juu ya tela la lori. Upande wa magharibi ulibaki juu ya nguzo zake, wazi kabisa. Mtu akiwa barabarani aliona meza ya jikoni na birika juu yake. Lindsay alikuwa amesimama karibu na tela, ana vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Umefanya nini?" Avis alimuuliza.

"Nimechukua kilicho changu, dada. Mama alisema nusu."

"Mama alisema nyumba ni yetu wawili. Hakusema uikate kama keki."

"Kuuza hutaki. Kupangisha hutaki. Watoto wangu wanalala kwa zamu. Ulitaka nifanye nini?"

"Nilitaka uwe mtu." Wanaomjua marehemu watashangaa kusikia kwamba alisema kwa sauti ya chini. "Ondoa hilo lori. Na ukanyage tena hapa uone."

Lindsay aliisimika nusu yake kwenye kiwanja nje ya mji, njia ya Kilkivan, akalea watoto wake humo. Avis aliuziba upande wake kwa mabati. Vernon alitaka kujenga ukuta wa kweli. Avis alikataa, akasema akijenga ukuta atakuwa amekubali. Kwa hiyo familia iliishi nyuma ya mabati. Mvua ilipopiga hawakusikilizana mezani, na wakati wa kiangazi jiko lilikuwa tanuri. Thora na Garth walilala kwenye baraza. Vernon alifariki humo tarehe 3 Machi 1991, na hata siku hiyo Avis alimzuia ndugu yake getini.

Miaka ilipita hivyo. Wakikutana dukani, mmoja aliacha kikapu chake akatoka. Coral alipofariki mwaka 2009, Avis alioka skonzi za malenge trei mbili, akampa Thora azipeleke. "Wape watoto," alisema. "Yeye asiguse." Lindsay alizitafuna, na Thora alipoulizwa na mama yake alisema hajui.

Mapafu ya Avis yalianza kumsumbua mwaka 2018. Aprili 2021 alilazwa katika hospitali aliyoipikia, akaituma supu yao irudi jikoni mara mbili. Mapema Juni mlango wa wodi ulifunguka, akaingia Lindsay, mzee wa miaka sabini na tisa, kofia mkononi.

"Nani kamruhusu huyu?" Avis aliuliza.

"Nimejiruhusu."

"Kama umekuja kuomba radhi, umechelewa."

"Sijaja kuomba kitu. Nakaa tu, dada."

Alikaa. Chai ililetwa, ikaondolewa. Kisha Avis, akiwa ameangalia dari, akasema, "Dirisha la chumba cha Mama. Bado linagoma kufunga?"

"Linagoma. Nalipiga randa kila mwaka, mvua ikija linavimba tena."

"Usilipige randa. Alilipachika Baba."

"Najua."

"Hujui kitu wewe."

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Kila alipoingia alitukanwa, akavuta kiti. Siku moja gari lilimharibikia njiani, na Avis akamuuliza muuguzi mara tatu kama yule mwizi hajafika. Thora alimuuliza mama yake waziwazi kama amemsamehe. Alijibu, "Sijamsamehe, na usije ukawaambia watu nimemsamehe. Lakini nimemzoea."

Avis alifariki alfajiri ya tarehe 2 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Thora alikuwa upande mmoja wa kitanda na Lindsay upande wa pili.

Ameacha watoto wawili, Thora na Garth; mkwe mmoja; wajukuu watano; na watoto watatu wa ndugu yake. Ameacha pia ndugu yake Lindsay, ambaye jina lake limewekwa mwisho kwa agizo la marehemu, aliyeagiza pia lisiachwe. Lindsay ameomba kuirudisha nusu yake kwenye nguzo za zamani. Garth hataki hata kusikia, Thora anataka, na jambo hilo halitazungumzwa hapa.

Avis alale kwa utulivu. Na mwenye neno na mwenzake alishikilie mpaka tutoke makaburini.