Picha Iliyokataliwa na Bwana Arusi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnisamehe, leo nitashuhudia nikiwa nimekaa. Miguu hii imesimama nyuma ya kamera miaka mingi, imechoka.

Wengi mnanijua. Nilikuwa na studio ya picha Nyamagana, karibu na soko. Nilipiga arusi za mjini mpaka za Usagara, na mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyenishikia taa. Taa kubwa, ya moto, yenye waya mrefu wa kukwaza wageni! Nikimwambia asimame nimpige moja, ananijibu, "Acha mchezo, filamu ni ya wateja." Basi, tunaendelea na kazi.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria, kamera ndogo kutoka nje zikajaa madukani, kila nyumba ikapata mpiga picha wake. Studio yangu ikabaki na buibui. Sijakaa sawa, Mama Neema akaugua, akafariki. Ndugu zangu, nilichoka! Nilichoka hata kuomba.

Halafu uso wake ukaanza kunipotea. Nakumbuka kilemba, nakumbuka sauti, uso hauji. Mimi niliyepiga nyuso za nusu ya mji huu! Nikapekua maboksi yote, nikampata kwenye picha moja tu. Ilikuwa ya arusi, tena niliikosea: yeye na taa yake wameingia pembeni, na bwana arusi akaikataa. Haleluya! Picha niliyoiharibu ndiyo iliyonibakizia mke.

Ibada hii ya kumbukumbu yake ilikuwa inakaribia, na pale mezani panatakiwa picha. Binti yetu Neema akaja kutoka Dar na kompyuta mpya, ile ya kukunja. Akaiingiza ile picha ndani, akaniambia, "Baba, utamtoa Mama kwenye hiyo arusi wewe mwenyewe, abaki peke yake. Mimi nitakuelekeza."

Jamani, kujifunza uzeeni ni mateso! Nikitaka kufuta bega la bwana arusi, nafuta sikio la mke wangu. Neema akanionyesha namna ya kurudisha kilichofutwa, nikawa mtu wa kufuta na kurudisha mpaka shingo ikakakamaa. Siku moja nilikuwa karibu kumaliza, betri ikaisha, na sikuwa nimehifadhi. Kazi yote ikapotea. Nililia, ndugu zangu, mbele ya mwanangu. Nikasema, "Bwana, mtu umemchukua, niachie basi uso." Ilikuwa sala yangu ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake nikaanza upya, na safari hii nikamtoa mzima. Nikaifuta ile taa, nikampachika mkononi maua ya plastiki, kama tulivyowapa wateja wasio na cha kushika. Nikamwita Neema kwa furaha. Akaangalia, akasema, "Baba, huyu ni mteja. Mrudishie Mama taa yake."

Nikairudisha. Na uso ukaja! Jicho moja amelifinya kwa ule mwanga, midomo ameibana, kama anayetaka kusema, "Piga basi, mkono unauma." Nilimkumbuka mzima, mpaka harufu ya kilemba chake. Alikuwa amechoka, ndugu zangu. Arusi zote zile alikuwa amechoka, na taa hakuishusha.

Yule pale mezani, mwangalieni. Sijaja kuwaambia kwamba uchovu umeniisha. Asubuhi bado ni nzito, na studio sijui kama itafufuka. Lakini naomba tena, na nikifumba macho namwona. Namshukuru Yesu aliyenisikia nikiwa sina hata nguvu ya kupiga magoti!

Wewe uliyechoka kama mimi, usingoje upate nguvu ndipo umwendee. Mwite hapo hapo ulipoangukia, anakusikia.

Neema, njoo unishike mkono mwanangu. Nataka nisimame, tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama yako.